Fuksia ya Mama na Kasha Lisilovuja

Ngwaa!

Chuma kililia barazani. Kikanyamaza kidogo, kisha kikalia tena. Ngwaa!

Jikoni, fundi wa kuchomelea vyuma aliinua kichwa kutoka kwenye chai yake. Mtaa mzima ulimwita Cheche. Wengine walisema jina hilo lilitokana na kazi yake. Waliomjua vizuri walisema lilitokana na moyo wake, maana neno dogo tu lilitosha kuuwasha. Cheche aliijua sauti ya kila chuma alichokiunga kwa mikono yake. Hakuhitaji kuambiwa. Mtu alikuwa akilipiga teke kasha lake.

Alitua kikombe kwa kishindo. Chai ikaruka. Akatoka nje.

Barazani alimkuta dada yake mkubwa, mshonaji, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni. Mguu alikuwa ameuinua tena.

"Dada! Umeingiwa na nini? Kasha limekukosea nini?"

"Kasha halijanikosea. Aliyelitengeneza ndiye aliyenikosea. Hebu tazama kilichomo!"

Cheche akatazama.

Ndani ya kasha mlikuwa na fuksia ya mama yao. Mama aliiita ua la hereni. Maua ya fuksia hayatazami juu kama maua mengine. Huning'inia kichwa chini, kama hereni sikioni. Lakini asubuhi ile hapakuwa na hereni hata moja. Majani yalikuwa yamelegea kama kitambaa kilicholowa. Mengine yamegeuka manjano. Vitumba vya maua, vile ambavyo vingefunguka wiki hiyo, vilikuwa vimepukutika vyote sakafuni.

"Mama anarudi Jumamosi," Dada alisema. "Jumamosi, Cheche! Utamwambia nini?"

Hapo ndipo palipouma. Mama yao alikuwa na mtoto wa jicho. Kwa miaka mingi alitazama dunia kama mtu anayetazama kupitia moshi. Fuksia ile aliipanda akiwa tayari haoni vizuri, akailea kwa vidole. Sasa alikuwa amepasuliwa macho katika hospitali ya mji mwingine, naye alikuwa akipumzika kwa mama mdogo. Kila alipopiga simu, swali lilikuwa moja.

"Ua langu halijambo?"

"Halijambo, Mama."

"Linachanua?"

"Linachanua mno, Mama."

"Basi nikifika, msinionyeshe kitu kingine kwanza. Nimelishika miaka yote. Sasa nataka kuliona."

Mke wa Cheche alitokea mlangoni, mwiko mkononi. Yeye na Dada walikuwa hawasemezani tangu siku Mama aliposafiri. Siku ile Dada alisema mbele ya majirani kwamba kuna watu wanaishi na mzee asiyeona, nao hawaoni kuwa haoni. Mke wa Cheche akalimeza neno hilo, likakwama. Tangu siku ile walizungumza kwa kupitia vyombo.

"Ewe mwiko wangu," alisema mke wa Cheche, "mwambie anayepiga mateke kwamba mti hauponi kwa mateke. Mti una kiu."

Dada akaishika tepu yake. "Nawe tepu, mwambie mwiko kwamba kama una kiu, ni kwa sababu mwenye mwiko anajua kumwagilia umbea tu."

"Nyamazeni!" Cheche alifoka. "Nyote wawili! Mmeacha mti wa Mama ukauke, halafu mnapigana vijembe!"

Alichota maji kwa jagi, akamimina. Akangoja yazame. Hayakuzama. Yalisimama juu ya udongo, meusi, yakimtazama kama jicho. Jani moja likadondoka juu yake na kuelea.

Kwa mara ya kwanza asubuhi ile, Cheche aliogopa.

Mwishoni mwa mtaa palikuwa na kitalu cha miche, chini ya wavu mweusi wa kivuli. Mwenyewe aliitwa Mama Miche. Hakuna aliyejua mimea ya vyungu kumshinda, na hakuna aliyekuwa na ulimi mkali kumshinda. Cheche alikuwa hajakanyaga pale tangu walipogombana. Vumbi la chuma kutoka kwenye mashine yake lilipeperuka likaiangukia miche. Mama Miche alikuja kulalamika. Cheche akamjibu kwamba vumbi lile ni la watu wanaofanya kazi, na majani hayafanyi kazi.

Sasa alisimama nje ya wavu, jasho likimtoka. "Hodi!"

"Hodi ya nani?" sauti ilitoka ndani. "Huku kuna majani tu. Majani hayafanyi kazi, na wala hayapokei wageni."

Cheche alimeza mate, machungu kama shubiri. "Mama Miche, nimekuja na shida."

"Shida umeileta. Radhi umeiacha wapi?"

"Samahani, Mama."

"Usiniombe mimi. Vumbi halikuniangukia mimi. Waombe hao." Alinyoosha kidole kwenye safu ya miche ya nyanya.

Wanawake wawili waliokuwa wakichagua mbegu waliacha kuchagua. Cheche aliona masikio yake yakiwaka moto. Alitaka kugeuka aondoke. Lakini alimwona Mama moyoni mwake, amevua miwani ya hospitali, anatazama vijiti vikavu. Miguu ikagoma kuondoka.

"Miche," alinong'ona, "samahanini."

"Sauti! Mbona ya kunitukana ilifika mtaa wa pili?"

"SAMAHANINI!"

Wanawake wakaangua kicheko. Mama Miche hakucheka. Alijifuta mikono kwenye aproni, akachukua kisu kidogo na mfuko. "Wamekusikia. Twende. Mmea gani?"

Alipofika barazani hakusalimu mtu. Alichomeka kidole kwenye udongo wa lile kasha mpaka kikazama chote. Akakitoa, akakinusa, akakunja uso.

"Nani amesema mti huu una kiu?"

"Si unaona ulivyolegea?" Cheche alisema.

"Mlevi naye hulegea. Utamwongeza pombe?"

Mke wa Cheche alijizuia kucheka, akashindwa.

"Sikilizeni, maana sirudii," Mama Miche alisema. "Mizizi inakunywa, lakini pia inavuta pumzi. Ndani ya udongo mna vijitundu vya hewa. Maji yakijaa humo bila kutoka, mizizi inakosa hewa, inaoza. Mzizi uliooza haunyonyi maji. Basi majani yanalegea kwa kiu, na huku mti umesimama bwawani. Asiyejua anaongeza maji. Anaua akidhani anaponya."

Aliinama chini ya kasha, akalizunguka, akapapasa kona zake zote. "Tundu la kutolea maji liko wapi?"

"Tundu?" Cheche alitoa kifua mbele. Hata katika shida ile, swali hilo lilimchoma. "Mama Miche, kasha langu halina tundu. Nilikuwa nataka kumfurahisha Mama. Chungu chake cha zamani kilikuwa kimepasuka, kinavuja ovyo huko nyuma ya nyumba. Hili nimeliunga mwenyewe. Nimelijaza maji kutwa nzima, halikuvuja hata tone! Nionyeshe fundi mwingine anayeunga hivyo."

"Hongera," Mama Miche alisema. "Umetengeneza tangi, ukapanda ua ndani yake."

Cheche akalitazama kasha lake upya.

"Halafu ukalitoa nyuma, kwenye kivuli, ukalileta hapa mbele ili wapita njia waone kazi yako. Gusa chuma hicho. Gusa!"

Jua lilikuwa limepanda na kupiga ukingo wa baraza. Cheche aligusa, akarudisha mkono haraka.

"Fuksia ni mmea wa ubaridi," Mama Miche aliendelea. "Inapenda mwanga, haipendi kuunguzwa. Jua la asubuhi linaitosha. Jua la mchana liikute kivulini. Wewe umeichemsha. Haya, nani anaimwagilia?"

"Mimi," walijibu Dada na mke wa Cheche kwa pamoja.

Kisha wakageukiana, na wote wawili wakasahau mwiko na tepu.

"Wewe? Lini?" Dada aliuliza.

"Kila mchana, wifi! Maana nilijua wewe ukishaketi kwenye cherehani, hata nyumba ikiungua huinuki."

"Na mimi nimeimwagilia kila asubuhi! Maana nilijua wewe huwezi kukumbuka!"

"Ungeniuliza!"

"Nikuulize vipi? Kupitia mwiko?"

Cheche alikuna kichwa. "Na mimi jioni, giza likiwa limeingia," alisema polepole. "Maana nilidhani nyote wawili mnanuniana na mti umesahauliwa."

Mama Miche aliwatazama mmoja mmoja. "Nimeona miti ikifa kwa ukame. Nimeona ikifa kwa wadudu. Huu ni wa kwanza kuuona ukizamishwa kwa chuki. Wewe fundi, leta mashine ya kutobolea."

Cheche hakusogea. Kona zile za kasha alizisugua mpaka zikang'aa kama kioo. Wateja wake aliwaleta pale kuwaonyesha.

"Nitoboe kazi yangu?"

"Au umzike mti wa mama yako humo. Jeneza zuri. Halivuji."

Hasira ilimpanda Cheche mpaka utosini, lakini safari hii haikupata wa kumwangukia ila yeye mwenyewe. Akaenda akaleta mashine. Akapiga magoti, akakaza meno, akatoboa. Chuma kilipiga kelele. Tundu lilipofunguka, maji meusi yaliruka, yakanuka kama mtaro. Akatoboa tena, na tena, kama mtu anayelipiza kisasi. Maji yalitiririka barazani hadi uani.

Mama Miche aliutoa mti, akautikisa udongo, akawaonyesha mizizi. Mingi ilikuwa ya kahawia na laini. Ukiivuta, ganda linachomoka kama soksi. Michache tu ilikuwa bado myeupe na migumu.

"Hii myeupe ndiyo uhai uliobaki. Hii mingine ni ya kukata. Mkasi!"

Wote wakamtazama Dada. Alikuwa na mkasi mmoja wa kukatia nguo. Nyumba nzima ilijua kwamba anayeugusa mkasi ule hata kukatia uzi anatafuta ugomvi. Dada aliingia ndani. Walidhani ameenda kuuficha. Akarudi nao, akaunyoosha mkononi.

"Ufute kwanza kwa spiriti," Mama Miche alisema bila kuonyesha mshangao. "Mkasi mchafu hupeleka ugonjwa kwenye jeraha."

Walikata mizizi iliyooza. Walikata na matawi pia, karibu nusu, na kila tawi lililoanguka mke wa Cheche alishtuka.

"Unaumaliza, Mama Miche!"

"Mizizi michache hailishi majani mengi. Mwenye sahani moja haaliki harusi nzima."

Wakachanganya udongo mpya mwepesi: udongo wa bustani, mboji iliyooza vizuri, na mchanga mnene wa kupitisha maji. Kasha lilikuwa kubwa mno kwa mizizi ile michache, kwa hiyo wakaupanda mti kwenye chungu kidogo cha udongo kutoka kitaluni, chenye tundu chini. Wakaupeleka nyuma ya nyumba, kwenye kivuli.

"Mbolea?" Cheche aliuliza.

"Mgonjwa wa kutapika humpi pilau. Ngoja uchipue kwanza."

Kisha Mama Miche aliokota vile vichwa vya matawi vilivyokuwa bado na afya. Alichagua laini, visivyo na ua, urefu wa kidole. Akakata kila kimoja chini kidogo ya kifundo ambapo majani hutokea. Akaondoa majani ya chini, akaacha machache juu. Akavichomeka kwenye mchanga na mboji vyenye unyevu, akavifunika kwa mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga.

"Hivi ndivyo vipandikizi. Viweke kivulini. Udongo uwe na unyevu, usiwe tope. Ukiona mfuko umejaa matone mengi, ufunue kidogo upate hewa. Baada ya wiki chache, vuta kimoja taratibu. Kikigoma kung'oka, kimeota mizizi."

"Na mti wenyewe?" Dada aliuliza. "Utapona kabla ya Jumamosi?"

"Binti yangu, huo ukipona kabisa, uniletee habari mbio. Siahidi. Lakini kuanzia leo mtu asimwage maji kabla hajachomeka kidole. Juu pakiwa pakavu, mwagilia mpaka yatoke chini, kisha acha. Pakiwa pabichi, nenda zako. Na anayemwagilia awaambie wenzake. Kwa mdomo! Si kwa mwiko."

Jumamosi ikafika. Mama alishuka kwenye gari amevaa miwani myeusi. Hakutaka maji, hakutaka kiti.

"Liko wapi?"

Cheche alimshika mkono, akampeleka nyuma ya nyumba. Mama alivua miwani. Mbele yake palisimama kijiti chenye matawi mafupi na majani ya kuhesabika. Kando yake, vipandikizi vidogo chini ya plastiki.

Mama aliinama, akakigusa kijiti kwa kidole.

"Nimepasuliwa macho," alisema, "ili nione kijiti?"

"Mama, tu..."

"Mliniambia linachanua! Kila siku! Linachanua mno, Mama! Mlimdanganya nani, kipofu?" Sauti ilipanda, na majirani wakafungua madirisha. "Mimi sikuwa na macho. Nilikuwa na kidole. Kidole kilitosha kujua udongo umelowa au umekauka. Ninyi nyumba hii mna macho sita, na hamkuona bwawa!"

Cheche alisimama kama mwanafunzi aliyeshikwa.

Mama alinuna siku nyingi. Alikula kimya, akalala kimya. Lakini kila asubuhi alienda nyuma, akachomeka kidole kwenye udongo, akanung'unika. Na kila asubuhi alisikia sauti mbili ambazo hakuwa amezizoea.

"Wifi! Leo nimemwagilia mimi!"

"Haya, wifi! Basi mimi naigeuza tu ipate mwanga upande wa pili!"

Mti wa zamani haukurudi. Ulichipua kidogo, ukachoka, ukafa. Siku ile Mama alilia, na Cheche alikaa karakanani kutwa bila kuwasha mashine. Katika vipandikizi pia, vingine vilioza. Lakini vingine vilipovutwa viligoma kung'oka, na mke wa Cheche alipiga kigelegele peke yake uani.

Vilipokua, Mama Miche alikuja akafinya vichwa vyake kwa kucha, akavitupa.

"Lo!" Cheche alipaza sauti. "Vimeota kwa taabu, halafu unavikata shingo?"

"Ukifinya kichwa kimoja, vinatoka viwili kando. Usipofinya, utapata mlingoti badala ya kichaka. Ukipata kichaka kizuri acha kufinya, maana maua hutoka kwenye ncha hizo hizo."

Siku moja mke wa Cheche aligeuza jani, akakuta wadudu wadogo weupe wakiruka kama unga. Zamani angemlaumu wifi yake. Sasa alimwita. Waliosha majani pamoja jioni, jua likiwa limeshuka, kwa maji yenye sabuni kidogo, hasa upande wa chini wanakojificha. Walirudia kila baada ya siku chache mpaka wadudu wakaisha. Mmea ulipopata nguvu, waliulisha maji ya mboji yaliyozimuliwa mpaka yakawa na rangi ya chai nyepesi. Walijifunza pia kwamba joto la mchana huweza kuulegeza hata udongo ukiwa na unyevu. Hapo hawakukimbilia jagi. Waliuacha kivulini, na jioni ukasimama wenyewe.

Asubuhi moja Mama alipiga ukelele kutoka nyuma ya nyumba. Wote watatu walikimbia. Cheche alifika wa kwanza, bado ana kinga ya macho kichwani.

Ua lilikuwa limefunguka. Moja, jembamba, linaning'inia. Mama alikuwa amelishika kwa kiganja bila kulibana, uso wake karibu nalo kabisa. Hakuwa anatabasamu.

"Hili nini?" aliuliza.

"Ni ua lako, Mama. Vipandikizi vimetoka kwenye mti wako ule ule."

"Najua ni ua langu. Ninauliza hili nini?" Alichezesha petali za ndani kwa kidole. "Hapa nje ni jekundu. Sawa. Hapa ndani je? Hapa chini ya hili jekundu?"

Cheche aliinama. Alitazama. Chini ya petali nyekundu, kama sketi chini ya kanzu, petali zilikuwa za zambarau iliyokoza, karibu nyeusi.

"Zambarau," alisema.

"Zambarau!" Mama aligeuka, na macho yake mapya yalikuwa yanawaka. "Miaka yote nimewauliza. Nilikuuliza wewe, nikamuuliza dada yako. Wanangu, maua yangu yana rangi gani? Mkajibu mkipita: mekundu, Mama. Mekundu tu! Mlikuwa na haraka gani? Mlikuwa na macho ninyi!"

Dada aliinamisha kichwa. Mke wa Cheche alitazama ukuta.

Cheche alivua kinga yake. Alikuwa na majibu mengi. Kazi, wateja, mashine ilikuwa ikinguruma. Yote yalimjia ulimini, na yote aliyameza. Alipiga magoti kwenye udongo wenye unyevu, akatazama ua lile tena, nje na ndani, mpaka kwenye nyuzi ndefu zinazochomoza katikati. Kisha akamtazama mama yake usoni.

"Mama," alisema kwa sauti, ili wote wasikie, "kuanzia leo ukiniuliza kitu, nitatazama kwanza, ndipo nikujibu."